Ruhusa ya Sekunde Kumi na Mbili

Wizara ya Vitu Vinavyoanguka ilitangaza, kwa heshima na taadhima, kwamba siku ya Alhamisi saa nne kamili asubuhi nguvu ya uvutano ingesimamishwa nchi nzima kwa muda wa sekunde kumi na mbili, ili kupisha matengenezo. Wananchi waliombwa wawe watulivu, wakae katika maeneo waliyopangiwa, na wasipande juu bila kibali.

Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, baada ya taarifa za misiba na kabla ya matokeo ya raga, na watu wa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, walilipokea vizuri. Umeme walikwisha kukatiwa. Maji walikwisha kukatiwa. Meli ya visiwa vya kaskazini ilikuwa ikiahirishwa tangu enzi za babu zao. Kama sasa zamu imefika ya uvutano, basi na ukatwe, mradi isiwe Jumapili.

Jambo moja tu liliwakosesha raha: nani angekuwa juu ya nani. Kwa Watonga, jamani, kichwa cha mdogo hakipiti juu ya kichwa cha mkubwa. Mkubwa akikaa kwenye kiti, mdogo anakaa mkekani. Mkubwa akikaa mkekani, mdogo anatafuta mahali pa chini zaidi hata kama hapapo. Ukipita nyuma ya watu walioketi unainama na kuomba radhi. Utaratibu huu ulidumu miaka na miaka bila tabu kwa sababu uvutano ulikuwa unausaidia: ukimweka mtu chini, anakaa chini. Sasa kwa sekunde kumi na mbili serikali ingelazimika kuifanya kazi hiyo peke yake.

Serikali haikushtuka. Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Lisiate, mtu wa kilo mia na ishirini na shahada mbili, aliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikala nguruwe wawili na viazi vikuu vya kutosha, kisha ikatoa Waraka Namba Saba Kuhusu Vimo vya Watumishi Hewani. Katibu Mkuu angepanda mita nne. Wakurugenzi, tatu. Maofisa, mbili. Madereva walipewa mita moja, isipokuwa wale ambao leseni zao zimekwisha muda, ambao wangeishia magotini. Wafagiaji, walinzi na mtoa chai wangebaki chini kwa mujibu wa muundo wa utumishi.

Mtoa chai aliitwa Sepiuta, na hadithi hii ni yake.

Sepiuta alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na miwili katika hiyo aliitoa jikoni mwa Wizara. Kila siku ya kazi, saa nne kamili, alijifunga vizuri mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la Kitonga, akabeba sinia, akapanda ngazi. Katibu Mkuu alikuwa mtoto wa kaka yake. Naam, kaka wa tumbo moja, sasa marehemu. Na shangazi katika nchi ile si mtu wa kuchezewa. Mtoto wa kaka hakai juu ya shangazi yake, hambishii, na shangazi akimtamani nguruwe wake anamchukua pamoja na kamba aliyofungiwa, na mtoto wa kaka anasema asante. Lakini siku Lisiate alipopewa ofisi aliitisha mkutano akatangaza kwamba hapa kazini hakuna shangazi, kuna mtoa chai. Watu walipiga makofi. Sepiuta naye alipiga, kwa kuwa sinia alikuwa ameshalitua.

Ile kamati ndogo ilikuwa na mtaalamu mmoja, mwalimu Feleti, aliyeazimwa kutoka shule ya sekondari pamoja na ubao wake. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyotiwa waya, na tabia mbaya ya kujibu alichoulizwa. Kamatini hakuna aliyemuuliza kitu, kwa hiyo alikuja jikoni kujibu huko.

"Mama, vitu havitaruka," alimwambia Sepiuta siku ya Jumatatu, akikoroga chai. "Watu wanadhani kila kitu kitafyatuka kwenda mbinguni kama fataki. Wapi. Kitu kitaendelea na mwendo uleule kilichokuwa nao, basi. Ila dunia inazunguka, na sisi tunazunguka nayo. Ukiondoka uvutano, sisi tunakwenda moja kwa moja, yenyewe inakata kona. Taratibu tunaachana."

"Kama mwanangu na mkewe," alisema Sepiuta.

"Taratibu hivyohivyo. Sekunde ya kwanza, unene wa kidole. Sekunde ya kumi na mbili, mita mbili na kidogo, na umesogea kama hatua moja kuelekea kaskazini. Birika, nguruwe, Mkurugenzi wa Fedha, wote sawa, bega kwa bega."

"Lakini waraka umempa kila mtu kimo chake."

"Umempa. Nilimuuliza Katibu Mkuu, mzee, hewa itajuaje cheo cha mtu? Akasema hewa itapelekewa nakala."

Feleti alitoa ripoti yake mfukoni. Alikuwa ameandika kwamba vitu vyote vitapanda mwendo mmoja bila kujali uzito wala cheo. Maneno "wala cheo" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni Katibu Mkuu ameandika: Mwandishi aelimishwe.

"Cha kuogopa ni kilichobanwa," aliendelea mwalimu. "Springi, mama. Kochi, godoro, kitanda cha waya. Ukikalia springi unaibana, na ni uzito wako tu unaoinyamazisha. Uzito ukiondoka springi inakusukuma, na hakuna wa kukurudisha. Aliyekaa mkekani atapanda mita mbili. Aliyekaa kwenye kochi zuri zuri..." Akatazama darini, akanywa chai yake.

Sepiuta hakuwaza kochi. Aliwaza kitanda cha mama yake. Bi Tokilupe alikuwa na miaka themanini na tisa, na tisa ya mwisho aliipitisha juu ya kitanda cha waya kilichostaafishwa na hospitali, nyonga zake zimekuwa kama biskuti zilizosahauliwa kwenye bati.

"Na sekunde ya kumi na tatu?" aliuliza.

"Uvutano unarudi. Kila kilicho juu kinashuka, na hapo si taratibu tena."

Sepiuta akakaa kwenye gunia la sukari. "Kumzuia mtu asipande, inataka nguvu kiasi gani?"

"Ana kilo ngapi?"

"Arobaini na tano, ukimpima na mablanketi yake."

Mwalimu alipiga hesabu nyuma ya ripoti yake, upande ambao haukuwa na wino mwekundu. "Uzito wa chungwa," alisema. "Kidole kimoja kinatosha kumshika. Ila lazima kiwepo."

Jioni ile Sepiuta alimlisha mama yake samaki na majani ya magimbi yaliyoiva katika tui, akamfuta mdomo, kisha akamweleza habari ya kumfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba laini ya makumbi, yenye kitambaa ili isimkwaruze.

"Kamba?" alisema Bi Tokilupe. "Kwani mimi nimekuwa nguruwe wa karamu?"

"Ni sekunde kumi na mbili tu, mama."

"Nguruwe naye hafungwi muda mrefu."

"Mama, ukipanda ukashuka utavunjika."

"Basi nishike wewe. Mkono wako naujua. Kamba wapelekee wenye kuuzwa."

Hapakuwa na mwingine wa kumshika. Dada zake wawili na mwanawe walikuwa Auckland, huko New Zealand. Majirani wote walipangiwa kukaa ukumbi wa kanisa, majina yakiitwa mlangoni, na mtumishi wa Wizara ambaye asingeonekana uwanjani Alhamisi angehesabiwa ameacha kazi. Mshahara wa Sepiuta ndio uliowalisha wote wawili. Kwa hiyo alihitaji kitu kimoja tu duniani, nacho ni ruhusa.

Jumanne saa nne kamili alipanda ngazi na sinia. Katibu Mkuu alikuwa ameketi kwenye kochi lake la ngozi nyeusi, lililokuja kwa meli kutoka New Zealand likiwa na karatasi yake ya dhamana. Lilikuwa kochi laini kupindukia. Lisiate akilikalia, lilipumua. Akizama sawasawa, magoti yake yalikaribia kidevu.

"Shangazi," alisema, akajisahihisha. "Bi Sepiuta. Leo sukari umebana."

"Naomba ruhusa Alhamisi, mwanangu."

"Siku nzima?"

"Sekunde kumi na mbili."

Lisiate alivuta droo, akatoa fomu, akaisoma mbele na nyuma kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake. "Fomu hii ruhusa yake ndogo kabisa ni nusu siku."

"Basi nipe nusu siku."

"Nusu siku nzima kwa kazi ya sekunde kumi na mbili? Huo ni ubadhirifu wa muda wa umma, Bi Sepiuta. Nitajibu nini kwa mkaguzi?"

"Nikupe sababu?"

"Sehemu ya sababu ipo, ndiyo."

"Bibi yako. Nataka nimshike asipande."

"Bibi ameshashughulikiwa." Alifungua faili nene, akalamba kidole, akafika ukurasa. "Hajatoka kitandani miaka tisa. Kwa msingi huo Wizara imemweka katika Jedwali la Vitu Visivyohamishika, pamoja na gati na tangi la maji. Visivyohamishika havipandi. Ibara ya tano."

"Lisiate. Yule ni mtu. Mifupa yake imekwisha. Akipanda akarudi, tunazika."

"Hatapanda. Hana kibali."

Hasira ilimfika Sepiuta kooni, moto kabisa. Angeweza kumtolea neno, na neno la shangazi katika nchi ile ni laana inayoshika. Lakini alimkumbuka huyuhuyu akiwa na miaka minne, analala kifuani kwa yule bibi wa Jedwali, kidole mdomoni, akaimeza hasira yake. Ilimuuma ilivyoshuka.

"Halafu nani atatoa chai?" Lisiate aliuliza, kama mtu anayeingia katika hoja yenyewe. "Redio itakuwepo. Nitahutubia taifa nikiwa hewani, nimeketi, kikombe mkononi, ili wananchi wajue hali ni shwari."

"Chai haitamiminika wakati huo."

"Itamiminwa kabla. Saa tatu na dakika hamsini na nane. Imo kwenye ratiba."

"Basi nisikilize hili moja, mwanangu. Usikalie hilo kochi. Mimi ndiye ninayelipangusa miaka sita. Ukiinuka tu, lenyewe linaruka. Siku hiyo kaa chini, mkekani, kama watu."

"Katibu Mkuu, mkekani?"

"Au ufungwe kamba."

"Nifungwe? Mimi nguruwe wa karamu?"

Sepiuta alimtazama. Damu ni damu, alijisemea.

"Ripoti nimeisoma," alisema Lisiate, akiegemea, na kochi likapumua. "Mwalimu anasema wa mkekani ataishia mita mbili. Mimi nina mita nne kwa mujibu wa waraka. Zile mbili zilizobaki nitazipata wapi kama si kwenye springi? Mambo haya tumeyafikiria, Bi Sepiuta. Tena nimeagiza chini ya kochi yawekwe magodoro mawili, kwa tahadhari." Akaichukua fomu, akaandika *Haikukubaliwa*, akagonga muhuri, akampa. "Weka nakala."

Alhamisi asubuhi mlinzi wa lango, Kelepi, aliona mtoa chai anakuja akisukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na mkeka mkubwa uliokunjwa, na mwisho wa mkeka palitokeza nywele nyeupe.

"Mama Sepiuta," alisema Kelepi, "leo haturuhusiwi kuingiza wageni."

"Si mgeni."

"Ni nani?"

"Kamuulize Katibu Mkuu. Kwenye faili lake ni kitu kisichohamishika."

Kelepi aliitazama toroli, akatazama alama ya gurudumu iliyotoka mbali kule barabarani. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kazi ya lango ilimfundisha kwamba mambo mengi hunyooka yakishaandikwa. Alifungua daftari. "Niandike nini sasa?"

"Andika mkeka."

Akaandika: *Mkeka mmoja, wa zamani.*

"Ongeza mzuri," ilisema sauti kutoka ndani ya toroli.

Akaongeza *mzuri*, akawapisha.

Uwanja wa Wizara ulikuwa umepambwa. Makabati kumi na manne ya faili yalitolewa nje na kufungwa kwa kamba nene za meli kwenye vyuma vilivyochimbiwa katika saruji, maana faili ni mali ya serikali. Mbele palisimama jukwaa, juu ya jukwaa magodoro mawili, juu ya magodoro kochi. Hatua moja kaskazini mwa jukwaa ulikuwapo mnara wa redio wa Wizara, mwembamba, wa vyuma vya kukingamana. Watumishi walikaa mikekani kwa kufuata madaraja. Watumishi hawakufungwa kamba, kwa kuwa bajeti ya kamba iliishia kwenye makabati.

Sepiuta aliutandika mkeka wa mama yake kando ya kabati la mwisho. Akakaa nyuma yake, miguu ameitandaza, mama kati ya magoti. Baada ya kumpelekea Katibu Mkuu chai yake saa tatu na dakika hamsini na nane, alirudi mbio, akapitisha mkono wa kushoto kwenye kamba ya kabati na wa kulia kifuani kwa mama.

Mwalimu Feleti, aliyekuwa karibu, alimwona. Akasogea akashika kamba naye, kidole kimoja. Mfagiaji aliyekuwa kando ya mwalimu akashika. Dereva akashika. Ikaenda hivyohivyo, mtu baada ya mtu, bila neno, mpaka maofisa wenye mita mbili zao halali walikuwa wamejipanga kwenye kamba za makabati.

Katibu Mkuu aliona jambo jingine. "Bi Sepiuta," aliita kutoka jukwaani, "hicho kilichopo mapajani mwako ni nini?"

"Mkeka, bwana. Umeandikwa langoni."

Kipaza sauti cha redio kilikuwa kimeshawashwa. Lisiate alikunja uso, akapanda magodoro, akaketi, akazama. Kochi lilipumua mara ya mwisho.

Kilichotokea saa nne kamili Wizara imekieleza katika ripoti ya kurasa tisini na mbili. Hapa kitaelezwa kwa kifupi.

Kwanza ubaridi ulimwingia kila mtu tumboni, kama unapokosa ngazi gizani. Makuti ya minazi yote, yaliyokuwa yameinama kwa uzito wake tangu yalipoota, yaliinuka kwa pamoja kama waumini wanapoitwa kusimama. Hakuna dafu lililoanguka nchi nzima, jambo ambalo Wizara imeliorodhesha kama mafanikio. Kuku mmoja alipiga bawa akaondoka kinyumenyume, ametahayari. Kingo za mikeka zilielea, na watu juu yake wakaachana na ardhi taratibu, unene wa kidole, kisha kiganja, mpaka mikono iliyoshika kamba ikawaambia basi.

Bi Tokilupe alipanda mpaka kwenye mkono wa binti yake, akakomea hapo. Kweli kabisa, uzito wa chungwa. Sepiuta alimhisi mama yake anatulia kifuani mwake, pumzi ndefu ikamtoka yule bibi, kisha kicheko chembamba.

"Sepiuta," alisema. "Haziumi."

"Nini mama?"

"Nyonga. Mwanangu, haziumi kabisa."

Miaka tisa Sepiuta alikuwa hajalisikia neno hilo. Machozi yalimtoka, na yenyewe hayakuteremka. Yalibaki machoni yakajaa, akawa anaona kila kitu kikicheza.

Wakati huohuo Katibu Mkuu alikuwa anapanda. Hakuruka. Springi za kochi na magodoro mawili zilimnyanyua kwa adabu, mwendo wa mtu anayetembea baada ya kushiba, naye akiwa ameketi vilevile, magoti mbele, kikombe mkononi. Chai ilimtangulia, bonge la mviringo la rangi ya udongo, likapita mbele ya pua yake likaenda zake.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti alichokuwa ameshika, "hali ni shwari. Mita mbili. Mita tatu. Mita nne. Nimefikia kimo changu."

Akangoja mwili wake usimame hapo.

"Mita tano," alisema.

Uwanja mzima ulitazama juu.

"Mwalimu, kimo kimepita."

"Ndiyo, mzee," alijibu Feleti.

"Nirudisheni."

Hakuna aliyekuwa na la kufanya. Kamba zote zilikuwa zimelala juu ya faili. Kikombe kilimtoka mkononi, kisha kipaza sauti, kikabaki kinaning'inia hewani kwa waya wake, kikisikiliza. Na hapo ndipo taifa zima, kutoka kumbi za makanisa mpaka maduka ya visiwani, likamsikia Katibu Mkuu wa Wizara ya Vitu Vinavyoanguka akiita kwa sauti ya mtoto wa miaka minne:

"Shangazi!"

Sepiuta alitaka kunyoosha mkono. Lakini mmoja ulikuwa kwenye kamba, mwingine kwa mama, na wa tatu hakupewa na Mungu. Kwenye mita ya tisa mnara wa redio ulijileta karibu na Lisiate, kama mwalimu alivyosema kuhusu kaskazini, naye akaukumbatia kwa mikono na miguu.

Kisha matengenezo yakamalizika.

Watumishi walirudi mikekani kwa kishindo kidogo cha makalio. Bi Tokilupe alishuka mapajani mwa binti yake bila hata kuguna. Kochi, ambalo lilikuwa limeanza safari yake peke yake, lilianguka juu ya jukwaa likavunjika mguu. Mkurugenzi wa Fedha, aliyeiachia kamba dakika ya mwisho kabla ya saa nne ili asidhulumiwe mita zake tatu, alitua kwenye magodoro ya Katibu Mkuu na kulala hapo akitafakari. Chai ilirudi ya mwisho, ikamwagika juu ya kipaza sauti, lakini nacho kilikuwa kifaa kizuri, kikaendelea kufanya kazi.

Juu ya mnara, mita tisa kutoka ardhini, alibaki Katibu Mkuu, macho ameyafumba.

"Leteni ngazi," alisema.

Kelepi alileta ngazi, akaiegemeza, kisha akasimama kando yake. Watu walitazamana. Ili kumwachisha mtu chuma alichokikumbatia, lazima ufike kichwani kwake, na huenda upite kidogo.

"Panda," alisema Lisiate.

"Mzee, mimi Waraka Namba Saba umenipa kubaki chini."

"Nimeufuta."

"Kwa maandishi?"

Lisiate alifumbua jicho moja, akaitazama mikono yake yote miwili, akalifumba. Mkutano mfupi wa wakurugenzi ulifanyika papo hapo chini ya mnara, ukaamua kuunda kamati.

Sepiuta alikuwa ameshaiinua toroli palepale ilipolala. Aliutandika mkeka ndani, akambeba mama yake, akamweka, akamfunika miguu. Nyonga zilikuwa zimeanza kuuma tena, aliona kwa namna midomo ya mama ilivyokaza, na alitaka amfikishe kitandani upesi, amkande kwa mafuta ya nazi.

"Ni nani yule juu ya kichwa changu?" aliuliza Bi Tokilupe, akiwa amelala chali.

"Lisiate."

"Mtoto wa kaka yako? Kakaa juu ya bibi yake?"

"Ndiyo, mama."

"Nisukume, twende. Nisije nikasema neno."

Gurudumu lilianza kulia kwenye kokoto. Watumishi walipisha njia, wakiinama, kama ipasavyo anapopita mkubwa. Sauti ya gurudumu ilifika juu ya mnara. Katibu Mkuu aliyafumbua macho yake ya utumishi wa umma, akachungulia chini.

"Bi Sepiuta. Unakwenda wapi? Saa za kazi hazijaisha."

"Nampeleka mama akalale."

"Huna ruhusa."

Sepiuta aliitua toroli. Alimtazama mtoto wa kaka yake, kichwa amekirudisha nyuma, mkono mmoja umelikinga jua.

"Basi shuka unizuie," alisema, na nchi nzima ikamsikia.

Akaishika toroli. Kelepi aliiacha ngazi palepale, akaenda kufungua lango, mabawa yote mawili.